Meza ya Watu Wawili: Mapenzi, Kicheko na Kikombe cha Kawa katika Mji wa Bukavu

Mhadhara uliotolewa Ibanda, Bukavu



Mtu akitaja Bukavu na sinema kwa pumzi moja, wasikilizaji huandaa nyuso za matanga. Nawaomba leo mzilegeze. Nimekuja kuzungumza juu ya kijana na msichana walioketi mkahawani, kila mmoja na kikombe chake mbele yake, na hakuna anayejua aanzie wapi. Nitapita njia nyingi, lakini ninalolitaka ni moja: filamu ya mapenzi ya kuchekesha, iliyopigwa katika mkahawa wa mji huu, ni kazi inayotungojea, na wenye haki ya kwanza ya kuifanya ni sisi tuliolima kawa miaka yote hii na kuwaachia wengine wapendane juu yake.

Tuanze na kilichopo. Mwaka 2007 Mmarekani Lisa Jackson alitengeneza The Greatest Silence, juu ya wanawake waliobakwa mashariki mwa nchi yetu. Mwaka 2015 Mbelgiji Thierry Michel, akishirikiana na mwandishi wa habari Colette Braeckman, alitoa L'homme qui répare les femmes, juu ya Daktari Denis Mukwege na Hospitali ya Panzi, ambayo iko humu humu katika komini yetu ya Ibanda. Serikali iliipiga marufuku filamu hiyo mwaka ule ule, kisha ikalegeza baada ya wiki chache, na sisi tuliokuwa tukisikiliza redio tukajua kwamba imegusa panapouma. Ikafuata City of Joy, juu ya wanawake waliovunjwa na waliosimama tena. Filamu hizi zilistahili kutengenezwa. Majeshi yameingia mji huu mwaka 1996, yakaingia 1998, yakaingia 2004, na yakaingia tena Februari 2025. Anayetaka hayo yasionyeshwe anataka yasahauliwe, nami simo katika kundi hilo.

Hata hivyo katika miaka hiyo hiyo watu wa Bukavu walipendana. Kuna ndoa zilizofungwa hapa mwaka 1996. Kuna kijana ambaye mwaka 2004, risasi zilipotulia, alipanda kwa miguu kutoka Nguba mpaka Kadutu akiwa na shati la kuazima, akabisha hodi kwa msichana wake, akakuta sebuleni wajomba wanne wamekaa wakimngoja. Aliketi. Aliulizwa habari za nyumbani, za kazi, za babu yake, za bei ya samaki. Saa mbili zikapita, msichana hakutokea hata mara moja, na alipoaga ndipo akaona kwamba viatu vyake mlangoni vilikuwa vimesafishwa tope na kupangwa vizuri, visigino vikiielekea nyumba. Kijana huyo leo ni mzee wa familia, na kila akiisimulia habari ile machozi ya kicheko humtoka. Kamera zilizokuwa mjini mwaka ule hazikuwa na sababu ya kupita kwenye mlango ule.

Aliyelitafakari jambo hili kabla yetu ni mzaliwa wa hapa hapa. Ngangura Mweze alizaliwa Bukavu mwaka 1950, akasomea sinema Ubelgiji, kisha akafanya kazi Kinshasa. Alianza na filamu fupi za makala: mwaka 1980 moja juu ya mchoraji Chéri Samba, na mwaka 1982 Kin Kiesse, ambamo mchoraji huyo anatutembeza katika raha na vurugu za Kinshasa. Halafu mwaka 1987, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, akatoa La Vie est belle. Wengi wenu mnaikumbuka kwa sababu ya mwimbaji Papa Wemba. Mimi nataka tuikumbuke kwa jinsi ilivyofumwa.

Papa Wemba ni Kourou, mwanamuziki wa kijijini aliyechoshwa na ala za asili, anayetaka kupiga muziki wa umeme. Anafika Kinshasa mikono mitupu, anapata kazi ya uboi nyumbani kwa tajiri mmoja, Nvouandou, mwenye klabu ya muziki. Anampenda msichana anayeitwa Kabibi. Lakini Nvouandou naye anamtaka Kabibi awe mke wa pili, kwa kuwa nguvu za kiume zimemtoka na mganga amemwambia kwamba dawa yake ni kumwoa bikira, kwa sharti kwamba asimguse kwa muda. Sasa litazameni fundo hilo. Boi na bosi wanampenda mtu mmoja. Bosi ana haki ya kuoa lakini hana ruhusa ya kugusa, boi hana haki wala ruhusa lakini ana sauti, na wote wako chini ya paa moja, ambako mmoja hutoa maagizo na mwingine huyapokea akiwa na sinia mkononi. Haihitajiki bunduki hata moja ili mtazamaji aketi ukingoni mwa benchi.

Niliiona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, katika chumba cha video chenye mabenchi ya mbao, kanda imechezwa mpaka rangi zake zimefifia. Kilichonikaa moyoni kuliko picha zenyewe ni watu waliokuwa mle ndani. Mbele yangu aliketi mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Kila Mamou, mke mkubwa wa Nvouandou, alipotokea, mama huyo alimjibu kwa sauti, akimshauri, akimkemea mumewe, kana kwamba wameketi pamoja kwenye likelemba, mchango wao wa zamu, siku ya Jumapili. Tulikuwa tukicheka kwa kuwatambua jamaa zetu. Mwimbaji Pépé Kallé alipoonekana, na mchezaji wake Emoro pamoja naye, watu walisimama. Nilitoka pale nikiwa nimeelewa, ingawa wakati ule nisingeweza kulisema, kwamba mtu akijiona akichekesha na huku anaheshimiwa, mgongo wake hunyooka.

Ngangura mwenyewe baadaye aliandika insha ambayo kichwa chake kinauliza kama sinema ya Afrika ni ya mapambano au ni ya burudani. Ilichapishwa London mwaka 1996. Ninavyomwelewa, jibu lake ni kwamba mtazamaji wa Kiafrika anastahili raha aliyoilipia, na kwamba mtengenezaji filamu anayeidharau raha hiyo ataishia kuonyeshana kazi na wataalamu wenzake. Hakubaki kwenye maneno. Mwaka 1998 alitoa Pièces d'identités, habari ya mfalme mzee anayekwenda Brussels kumtafuta binti yake na kukuta mji usiojua kumsalimu mfalme. Ni filamu yenye kicheko na mapenzi ndani yake, na mwaka 1999 ilipewa Étalon de Yennenga, tuzo kubwa kuliko zote za tamasha la Ouagadougou. Miaka kama ishirini baada ya insha ile, Wanuri Kahiu wa Kenya alisimama kutetea jambo la jamii hiyo hiyo akalipa jina la Afrobubblegum: sanaa ya Kiafrika iliyo na furaha, rangi na wepesi, isiyolazimika kuomba ruhusa kwa sababu haikubeba msiba. Napenda kuona wazo likisafiri hivyo, kutoka kwa mtoto wa Bukavu mpaka kwa binti wa Nairobi, hata kama kila mmoja alilifikia kwa njia yake.

Sasa nije kwenye meza ile ya mkahawani.

Filamu ya mapenzi ina hitaji moja ambalo filamu ya vita haina. Inahitaji mahali ambapo watu wawili wasiojuana wanaweza kukaa muda mrefu bila kudaiwa maelezo. Jaribuni kupatafuta hapa kwetu. Nyumbani kuna wajomba, kama tulivyoona. Kwenye avenyu Patrice Lumumba kila jicho ni la mtu anayemjua shangazi yako. Kwenye kwaya ya parokia, ambako mapenzi mengi ya mji huu yameanzia, mnaweza kusimama pamoja miaka mitatu, lakini mmoja yuko sauti ya kwanza na mwingine yuko besi, na katikati yenu kuna mwalimu wa kwaya. Nganda, baa yetu ya mtaani, ina muziki mkubwa, na msichana akionekana pale peke yake atahukumiwa kabla chupa haijafunguliwa. Kwenye malewa, kibanda cha mama lishe, kuna sombe nzuri na bugali moto, ila benchi lina watu wanaolingoja. Ukimaliza sahani yako, mama mwenye nyumba anakutazama, nawe unanyanyuka.

Mkahawa unauza kitu kingine. Kikombe kimoja kinakununulia saa nzima. Unaweza kuwa peke yako bila kuwa mpweke, na unaweza kuwa na mtu bila kuwa mmetangazwa. Mhudumu anawaona na hasemi. Katika filamu, mhudumu huyo ni wa thamani kuliko dhahabu, kwa sababu anafanya kazi ambayo mjomba hawezi kuifanya: anashuhudia bila kuingilia.

Ndugu zetu wa Pwani wangenikatiza hapa. Wangesema kwamba wao wamekunywa kahawa tangu enzi na enzi, kahawa chungu ndani ya vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata pembeni, na muuzaji anayepita akigonganisha vikombe ili mtaa umsikie. Ni kweli, na ni utamaduni ninaouonea wivu. Nimeketi kwenye baraza za Mji Mkongwe, Zanzibar, nikasikia siasa, mpira na dini vikichambuliwa kwa ufundi ambao vyuo vyetu vingeutamani. Lakini baraza ile ni ya wanaume. Mapenzi huzungumzwa pale, hayaanzii pale. Meza ninayoitafuta ni ile ambayo msichana anaweza kuivutia kiti mwenyewe.

Filamu iliyoijenga meza hiyo vizuri kuliko zote ninazozijua ni ya Ufaransa, Le Fabuleux Destin d'Amélie Poulain, ya Jean-Pierre Jeunet, iliyotoka mwaka 2001. Amélie, anayechezwa na Audrey Tautou, ni mhudumu katika Café des Deux Moulins, mkahawa wa kweli ulioko rue Lepic, Montmartre, Paris. Ni filamu ya kioja. Sanamu ndogo ya bustani inaibwa, na picha zake zinatumwa kutoka nchi za mbali. Mzee mwenye mifupa inayovunjika kama kioo amejifungia chumbani na kila mwaka anachora upya mchoro ule ule wa Renoir. Kijana anayependwa, Nino, anaokota picha za pasipoti zilizochanwa na kutupwa chini ya vibanda vya kujipigia picha, anaziunga na kuzibandika daftarini.

Siri ya Jeunet ni ndogo, nami naomba wanafunzi wa sinema mliomo humu muiandike. Kila mtu anapoingia, hatuambiwi kwanza kazi yake, wala kabila, wala mateso yake. Tunaambiwa anapenda nini na anachukia nini. Amélie anapenda kuvunja kwa ncha ya kijiko ganda la sukari iliyoungua juu ya krimu. Anapenda kurusha vijiwe virukeruke juu ya maji. Na anapenda, anapopita sokoni, kuuzamisha mkono wake ndani ya gunia la nafaka.

Nilipoona mkono ule ukizama guniani nilijiona mimi, nina miaka sita, soko la Nyawera, mbele ya gunia la maharagwe. Unapenyeza vidole polepole. Juu ni joto la jua, chini ni baridi, na maharagwe yanakubana kifundo cha mkono kama mtu anayekusalimu. Halafu linakuja kofi la mama muuzaji. Sijakutana na mtoto wa mji huu asiyeijua raha hiyo, wala asiyelijua kofi hilo. Filamu ya Paris iliniambia jambo la Nyawera ambalo filamu zote juu ya Bukavu hazikuwa zimeniambia, nami nikahuzunika na kufurahi kwa wakati mmoja.

Kuna lawama dhidi ya filamu hii ambayo naikubali. Mwaka ule ule wa 2001 mhakiki Serge Kaganski aliandika katika gazeti la Libération kwamba Paris ya Amélie imesafishwa, kwamba watu wa rangi nyingine ambao wamejaa Montmartre hawaonekani. Ana haki. Yumo Jamel Debbouze, anayecheza kijana wa duka la mboga, lakini huwezi kusema kwamba mitaa ile imejaa majirani zetu. Nami naongeza langu. Mwaka 2001, wakati vikombe vya Deux Moulins vinang'aa kwenye kioo cha sinema, Bukavu ilikuwa chini ya utawala wa waasi wa RCD, na kawa ya milima yetu ilikuwa ikisafirishwa usiku, kwa mitumbwi, gizani.

Habari ya kawa hiyo wazee mliomo humu mnaijua kwa mikono yenu, kwa hiyo nitaipitia mbio mpaka pale inapogusa mapenzi. Ziwa Kivu liko kwenye mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyolizunguka vinapanda juu zaidi. Arabika inaipenda nchi ya namna hiyo. Wabelgiji waliipanda walipokuwa wakiuita mji huu Costermansville. Novemba 1973 Mobutu akatangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire, na mashamba mengi yakaangukia mikononi mwa watu ambao hawajawahi kushika jembe. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya mauzo ya kahawa yakavunjika na bei ikaporomoka. Nikiwa kijana nilimwona baba yangu anasimama katikati ya mibuni yake akiwa na panga, asubuhi nzima, bila kukata. Jioni alikata nusu, akapanda mihogo.

Sehemu ya mahari ya mama yangu ilitoka kwenye mibuni ile. Hapa kwetu mahari huhesabiwa kwa ng'ombe hata pale inapolipwa kwa dola, na ng'ombe hao, kwa familia nyingi za Kabare, Kalehe na Idjwi, walikuwa ni magunia ya kawa yaliyogeuzwa miguu minne. Kwa hiyo ninaposema kwamba kawa ni zao la mapenzi sitafuti maneno matamu. Vita vilipofunga njia za huku, na ng'ambo kule Rwanda kukawa na wanunuzi na vituo vya kuoshea, vijana walipakia kawa mitumbwini usiku na kuvuka. Ziwa lile lina upepo unaoinuka bila kuaga. Wengi hawakurudi. Kijana wa Idjwi aliyesukuma mtumbwi majini na magunia mawili mara nyingi alikuwa na msichana kichwani mwake, na ng'ombe wawili waliobaki kulipwa. Ukitaka kujua kwa nini nakasirika ninaposikia kwamba filamu ya mapenzi ni kitu chepesi, ni kwa ajili ya mitumbwi ile.

Halafu watu walianza kujikusanya. Huko Minova kikainuka chama cha ushirika cha Sopacdi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kalehe kikaanzishwa kingine, Muungano, mwaka 2009. Idjwi nao wakajiunga katika vyama vyao. Vituo vya kuoshea vikajengwa. Tunda jekundu likaanza kumenywa siku ile ile lilipochumwa, likachachushwa, likaoshwa, likakaushwa juu ya meza ndefu za wavu, badala ya kukaushwa nyumbani kila mtu kivyake. Katika miaka ya 2010 mashindano ya kuonja, Saveur du Kivu, yakafanyika hapa hapa Bukavu, na waonjaji wakaja kutoka mbali kunywa kitu ambacho sisi tulikuwa tumekizoea kukiona kwenye magunia tu.

Maana hilo ndilo jambo la ajabu. Nendeni leo kwenye hoteli nyingi za mji wetu mkaombe kawa. Mtaletewa thermosi ya maji moto, kikombe kitupu, na kijipaketi cha kawa ya unga iliyotengenezwa nchi za watu. Unakichana kijipaketi hicho huku ukitazama ziwa lile lile linalosafirisha kawa nzuri kwenda kwingine. Vijana kadhaa wa mji huu wameanza kulibadilisha hilo, wanakaanga wenyewe, wanasaga wenyewe, nami huenda kwao kila ninapoweza.

Mmoja wao alinikaribisha nione kazi ya kuonja, na ni kwa sababu ya siku hiyo nimekubali kusimama mbele yenu. Vikombe vinapangwa mezani vinafanana kama mapacha. Katika kila kimoja zinapimwa gramu 8.25 za kawa kwa kila mililita 150 za maji, bila kubahatisha. Kwanza mwonjaji ananusa unga mkavu. Halafu maji yaliyokaribia kuchemka yanamiminwa, na watu wote wananyamaza kwa dakika 4, huku povu la unga likijifunga juu kama ukoko wa bugali. Ukifika wakati, mwonjaji anainama mpaka pua inakaribia kulowa, anauvunja ukoko kwa kijiko, na pumzi yote ya kawa inampiga usoni. Kisha, kinywaji kikishapoa kidogo, anachota kijiko kimoja na kukifyonza. Na hapo ndipo penye kioja. Hakifyonzi kwa adabu. Anakivuta kwa sauti kali, kama kitambaa kinachochanika, ili matone yatawanyike ulimi mzima na kupanda mpaka puani. Anayefyonza kimya hasikii ladha. Kwa hiyo kadiri mwonjaji alivyo hodari, ndivyo anavyopiga kelele. Halafu anatema, anaandika alama. Alama ni kati ya 100, na kawa ikifika 80 inaingia katika daraja la juu.

Mwonjaji niliyemwona siku hiyo alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na mitatu. Alikuwa mpole, amefunga kitenge vizuri, anajibu kwa sauti ya chini. Alipochukua kijiko, chumba kizima kilitetemeka. Na mimi nikawaza mara moja: msichana huyu akipelekwa kwa wakwe itakuwaje?

Filamu yangu ndiyo hiyo, wapendwa. Naitoa bure, aitakaye aichukue. Mkahawa mdogo Ibanda, chumba kimoja na veranda, juu kidogo ya ziwa. Msichana ndiye mwonjaji. Kijana ni mhudumu, na ana siri: hapendi kawa. Anakunywa chai ya maziwa nyuma ya mlango, kwa kuwa kawa inamkumbusha mgongo wa baba yake ulioinama. Wanajuana kwa njia ya vikombe. Msichana anaacha alama zake kwenye karatasi, kijana anazisoma anapofuta meza, na kidogo kidogo anaanza kuchora alama nyingine pembeni: meza namba 3, 84, mvua ya leo, 79, gauni la bluu, 91.

Paris wana mvua yao ya kuwafanya wapenzi wajibanze chini ya mwavuli mmoja. Sisi tuna umeme unaokatika. Fikirieni mkahawa wetu umejaa, mashine ya kusaga inanguruma, redio inaimba, watu wanasemeshana kwa kupaza sauti. Ghafla, giza. Mashine inanyamaza, redio inanyamaza, na sentensi ambayo kijana alikuwa akiisema akitegemea kelele imfunike inabaki hewani peke yake, watu wote wameisikia. Hakuna mtu kutoka nje awezaye kuandika tukio hilo. Linaandikwa na yule aliyewahi kukatikiwa na umeme katikati ya neno.

Na lugha iwe yetu. La Vie est belle inazungumza Kifaransa zaidi, na kwa filamu ya mwaka 1987 iliyohitaji kusafiri sioni kosa. Lakini mtu wa Bukavu hapendi kwa lugha moja. Anatongoza kwa Kifaransa, anaogopa kwa Kiswahili, anaomba msamaha kwa Mashi, na akiimba anaimba Kilingala. Kila anapohama lugha, kuna jambo limetokea moyoni mwake. Mwigizaji hodari hatahitaji maneno ya ziada. Wafasiri watapata tabu kuandika chini ya picha. Waipate tu.

Mwishoni kabisa kijana anampeleka msichana nyumbani Idjwi. Njia nzima, ndani ya boti, anamsihi jambo moja tu: wakikuletea kikombe, kunywa polepole, kimya, kama binti wa watu. Msichana anaahidi. Wanafika. Wajomba wapo, shangazi wapo, watoto wamejaa dirishani. Mama wa kijana, akitaka kumheshimu mgeni mwenye kazi ya mjini, hakupika chai. Amekaanga kawa ya shamba lao kwenye sufuria, ameitwanga, ameichemsha. Kikombe kinawekwa mbele ya msichana. Anamtazama kijana. Anakiinua taratibu, midomo imefungwa, anataka kuitimiza ahadi. Harufu inamfikia kabla ya kinywaji. Na mkono wake, ambao umefanya kazi hiyo kila siku kwa miaka miwili, unashika kijiko.

Sauti ile inapasua sebule. Watoto dirishani wanapotea. Shangazi mmoja anaweka mkono kifuani. Kijana anafumba macho.

Baba mwenye nyumba hasogei. Anauliza polepole, "Mwanangu, umesikia nini humo?"

"Ndimu, baba," anasema msichana, na aibu imemjaa, lakini ameulizwa na hawezi kuidanganya kawa. "Halafu asali. Halafu, mwishoni, moshi kidogo. Nisamehe. Ilikaushwa jikoni?"

Mzee ananyamaza muda mrefu. "Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo," anasema. "Niliiweka juu ya figa usiku, hata mama yako hapa hajui."

Kisha ananyoosha mkono, anaomba kijiko, anachota kutoka kikombe kile kile, na anajaribu. Sauti inayotoka ni ndogo, ya mtu asiyezoea. Mkewe ameshafunika mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yanamtikisika. Mzee anachota tena.